Must ya Ukurasa wa Tano

Maktaba ya mji, chumba cha chini
3 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Najua ukifungua bahasha hii utatazama kwanza sahihi, kwa hiyo nikuondolee taabu: mimi ni yule mtoto wa dada yako uliyekuwa ukimwita Chiriku. Sasa nina miaka thelathini na mitano na bado naongea sana, ila kazini nimejifunza kunyamaza kwa sababu ni maktaba.

Anwani yako nimeipata mahali ambapo usingedhani. Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kushoto limezidi. Tumepewa kadi ya hospitali ya macho iliyoko mji wenu, apasuliwe tarehe 14 Julai. Chini kabisa ya kadi, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, imeandikwa kwamba imepigwa chapa na Duka la Chapa la Wino, na sanduku la posta. Nikajiuliza ni nani mwingine duniani anaitwa Wino.

Daktari anasema akishapasuliwa atatakiwa kurudi kliniki kila baada ya siku mbili, kwa wiki tatu. Huko hatuna mtu ila wewe. Nilipomtajia Mama, alisema yuko radhi apofuke akiwa kwake kuliko aone akiwa kwako. Hayo ni maneno yake mwenyewe. Unamjua dada yako.

Sababu unaijua vilevile. Nilikuwa na miaka tisa gazeti lilipoandika kwamba baba yangu, mhudumu wa mitambo ya maji, alilala zamuni akaacha valvu wazi, tangi kubwa likakauka, na nusu ya mji ikakaa siku mbili bila maji. Lilitaja jina lake na mtaa wetu. Alifukuzwa kazi wiki hiyo hiyo. Miaka yote iliyobaki alitengeneza mabomba ya majumbani, na watu wakamwita Bwana Usingizi, wengine mbele yake, huku ameinama chini ya sinki lao. Mimi shuleni nilikuwa Binti Usingizi. Na wewe ulikuwa mpanga herufi wa gazeti lile lile. Mama anasema mkono wa mdogo wake ndio uliopanga jina la mumewe, basi, hana la kuongeza. Baba alifariki bila kukutaja, kwa wema wala kwa ubaya.

Sasa nisikilize. Gazeti limefungwa, jengo limeuzwa, na masanduku ya miswada yao yameletwa kwetu niyasafishe na kuyapanga. Juzi nimeukuta mswada wenyewe wa habari ya Baba. Karatasi ina tundu katikati, palipopita msumari. Juu, upande wa kulia, kwa penseli ya buluu, mtu ameandika neno moja kubwa, MUST, akalipigia mistari miwili chini yake. Nimeshafungua masanduku sita na neno hilo nimeliona mara kumi na moja tu. Kiingereza chake nakijua, kila mtoto aliyepita shule anakijua. Ninachotaka kujua ni lilikuwa linafanya kazi gani pale, na ni nani aliyeliandika. Kama kuna mtu juu yako aliyekulazimisha, niambie nimwambie Mama. Zimebaki wiki sita.

Nijibu kwa anwani ya maktaba, siyo ya nyumbani.

Mpwa wako,
Chiriku


Duka la Chapa la Wino
9 Juni

Mpwa wangu Chiriku,

Marahaba, tena mara mia. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma upya. Usijaribu kunipigia simu. Kelele za mitambo zimeyala masikio yangu, nasikia nusu ya kila kitu, na nusu yenyewe ndiyo isiyo na maana.

Pole na macho ya Dada. Kadi zile nilizipiga chapa elfu tano, na sikujua kwamba moja itamfikia yeye.

Must ilikuwa hivi. Gazeti letu lilikuwa la Kiingereza na lilitoka alasiri, kwa hiyo kurasa zilifungwa saa sita mchana. Kila asubuhi habari zilikuwa nyingi kuliko nafasi, na wahariri kazi yao ilikuwa kukata. Huyu anapunguza aya, yule anaichukua habari nzima na kuichomeka kwenye msumari uliosimama mezani, na hapo imekwisha. Tundu uliloliona wewe ni la msumari mwingine, wa karatasi zilizokwisha kupangwa. Lakini karatasi yenye Must haikatwi. Maana yake: hii inaingia leo, nzima, kama ilivyo. Na mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na haki ya kuliandika neno hilo, mwenye gazeti, aliyekaa ghorofani na penseli yake ya buluu. Hatukusema "habari ya bosi." Tulisema "kuna Must," kama mtu anavyosema kuna mgeni. Asubuhi tunaulizana, "Must ngapi leo?" Unajibiwa, "Mbili, na moja ndefu kama treni."

Usidhani zilikuwa habari nzito. Mara nyingi ni maua ya mkewe yaliyoshinda mashindano, au binamu yake amerudi kutoka safari. Siku moja mbwa wake alipotea. Akaandika Must asubuhi, akasahau, akaandika ya pili, halafu ya tatu. Tulichapa tangazo la mbwa yule yule mara tatu katika gazeti moja, kwa kuwa hakuna aliyetaka kwenda juu kuuliza. Mara nyingine Must ilitangaza mkutano wa tarehe 31 Juni. Chumba kizima kilijua Juni ina siku thelathini. Mhariri alijua, msahihishaji alijua, na mimi nilijua huku vidole vyangu vinaokota 3 na 1. Gazeti likatoka hivyo hivyo. Mbwa alirudi mwenyewe. Mkutano sijui ulifanyika lini.

Ya baba yako nayo ilikuwa Must. Wikiendi ile maji yalipokatika, mwenye gazeti alikuwa na wageni nyumbani na mabomba yake makavu. Alimpigia simu mkuu wa idara ya maji, akataka jina la mhudumu wa zamu, akapewa, akaiandika habari kwa mkono wake na kuitia Must. Ilinifikia saa tano na nusu. Must haiguswi, Chiriku, hata koma. Nilipanga nilichopewa.

Mwambie mama yako hivyo. Chumba changu cha nyuma kina kitanda na dirisha. Dirisha linatazama ukuta mweupe, lakini kwa mtu aliyetoka kupasuliwa jicho nadhani ukuta ni bora kuliko barabara. Hospitali ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, kumi na tano kwa miguu ya Dada, maana husimama kusahihisha watu njiani.

Mjomba wako,
Wino


Maktaba
16 Juni

Mjomba, shikamoo.

Nimemwambia. Nilichagua wakati wa kukunja nguo, maana akiwa na kazi mkononi hasira zake hupata pa kwenda. Nikamweleza Must, mbwa, tarehe 31, mwenye gazeti na mabomba yake. Kwenye mbwa alicheka, kisha akakumbuka ni wewe uliyesimulia, akarudi kwenye nguo. Nilipofika mwisho alikuwa anakunja shati moja kwa mara ya tatu.

Akaniuliza, "Kwa hiyo Must ilikuwa inawafunga na midomo?"

Nikasema hilo hukuliandika.

"Basi mwulize swali moja. Siku ile tangi lilipokauka, baba yako alikuwa wapi? Yeye anajua."

Nikamwambia alikuwa kazini, amelala, dunia nzima inajua. Akachukua nguo zake zilizokunjwa akaenda chumbani, na mlango akaufunga polepole, jambo ambalo kwa Mama ni baya kuliko kuubamiza.

Sielewi, Mjomba. Baba hakuwahi kuizungumzia siku ile mbele yangu. Mimi nimekua nikiamini kwamba alilala kweli. Nimempenda hivyo hivyo, kama mtu anavyompenda baba aliyepitiwa na usingizi mara moja akalipia maisha yake yote. Alikuwa wapi?

Jambo jema ni kwamba neno "sitaki" limekwisha. Sasa anasema "tutaona." Kwa Mama, tutaona ni kama kuanza kufunga mizigo.

Chiriku


Duka la Chapa la Wino
21 Juni

Chiriku,

Marahaba. Wiki hii nina vitabu vya risiti vya hospitali na mtambo unagoma, kwa hiyo naandika kifupi.

Chumba nimekipaka chokaa. Rafu nimeiondoa kwa kuwa ina kona, na mtu aliyefungwa jicho moja hujigonga. Mwambie Dada ngazi za mlangoni ni mbili, na ya pili ni fupi kuliko ya kwanza. Kila mgeni hujikwaa hapo, hata mkaguzi wa afya alijikwaa, akasahau alichokuja kukagua.

Hilo la baba yako ni la zamani, na mama yako ana majibu yake. Mimi nilikuwa mpanga herufi tu.

Kama ana dawa za presha, aje nazo za mwezi mzima.

Wino


Maktaba
27 Juni

Mjomba,

Leo sitaanza na salamu. Utanisamehe, au usinisamehe.

Nimemaliza sanduku la tisa. Chini yake kulikuwa na karatasi iliyoliwa na mchwa, imebaki sehemu ya juu tu, ukubwa wa kiganja. Kichwa cha habari kinasomeka: WATERWORKS ATTENDANT, yaani mhudumu wa mitambo ya maji. Kilichofuata mchwa wamekimaliza, pamoja na tarehe. Juu kulia pameandikwa MUST. Lakini siyo kwa penseli ya buluu na mistari miwili ya yule bwana. Ni penseli ya kawaida na mwandiko mwingine, M yake ina mkia unaoteremka na kupinda kama ndoano. Nimezichukua barua zako nikaziweka kando yake. M ya Mpwa, M ya Mjomba, M ya kila Must uliyoniandikia. Ni M ile ile.

Uliniambia mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na haki ya kuliandika neno hilo. Sasa naona na wewe uliliandika, tena juu ya habari ya baba yangu. Ilikuwapo habari ya pili? Uliitia Must ili mtu asiikate? Nimekutetea kwa mama yangu wiki mbili nzima. Nimemsimulia habari za mbwa.

Hili sijamwambia. Jana nilimpungia mkono upande wa kushoto, hakuuona. Hospitali wamesema nafasi hii ikitupita, nyingine ni mwakani, na jicho la kushoto halitangoja mwakani. Nikimwambia, hatakuja, na sitaweza kumlaumu. Nisipomwambia, nampeleka akalale kwenye nyumba ya mtu ambaye simjui. Kwa hiyo nijibu yote mawili: Baba alikuwa wapi, na Must hii ni ya nini. Habari za ngazi na chokaa nimeshasikia.

Binti yake


Duka la Chapa la Wino
2 Julai

Mpwa wangu,

Mwandiko ni wangu. Gazeti letu lingekuwa na msahihishaji wa macho kama yako, mengi yasingetokea. Nitakueleza kwa mfululizo, nisije nikaruka penye uzito kama nilivyofanya mwanzo.

Jumamosi ile baba yako hakuwa kazini. Alikuwa kwangu. Nilikuwa nahamia nyumba nyingine, na kabati la marehemu mama yetu lilikataa kupita mlangoni. Shemeji alibadilishana zamu na mwenzake, kwa ruhusa ya msimamizi, akaja na vifaa vyake. Tulilifungua vipande vipande tukaliingiza, kisha akalifunga upya mwenyewe, kwa sababu mimi niliweka mlango wa kulia kushoto akaniambia nirudi kwenye herufi zangu. Ila kwenye ratiba ya zamu, ukutani kule kazini, jina lake lilibaki. Hakuna aliyelifuta. Mkuu wa idara alipoulizwa, alisoma ukutani.

Jumatatu saa tano na nusu Must ikanifikia. Nikapanga kichwa cha habari, nikapanga mstari wa kwanza, nikafika kwenye jina. Herufi za madini ya risasi unazipanga zikiwa zimegeuzwa, kwa hiyo jina la shemeji nililiona limepinduliwa, miguu juu. Nilijua si kweli. Mlango wa kabati nilikuwa nimeufungua asubuhi ile ile kutoa shati.

Nilikuandikia kwamba Must haiguswi, na hiyo ni kweli. Nisichokuambia ni kwamba Must iliruhusiwa kuulizwa. Ukiona kosa, unachukua karatasi, unapanda ngazi kumi na nane, unabisha, unasema, "Bwana, hapa pana kosa." Ndani ya miaka kumi na tisa nilimwona mtu mmoja tu akipanda, mzee wetu wa usahihishaji, na alishuka na kazi yake na ahsante juu. Mimi nilikuwa na nusu saa. Niliogopa, Chiriku. Hakuna neno jingine. Nilijiambia shemeji ataeleza mwenyewe kazini na watamwelewa. Nikamalizia jina, nikaendelea na mtaa.

Hawakumwelewa. Msimamizi alikana kwamba alitoa ruhusa, na yule mwenzake akakana kwamba walibadilishana. Baba yako hakuja kuniuliza kitu. Angekuja akanitukana ningejua la kufanya.

Siku ya kumi na mbili nilishindwa kuendelea. Kiingereza changu nilikipata kwa vidole, kwa kupanga maneno ya wengine, kwa hiyo nilijua masahihisho yanavyoandikwa. Niliandika mistari minne. Nikataja jina lake kamili, kwamba hakuwa zamuni siku ile, kwamba alibadilishana kwa ruhusa, na kwamba gazeti linasikitika. Ningeiacha hivyo, mhariri angeuliza imetoka wapi na kuichomeka kwenye msumari. Kwa hiyo juu kulia nikaandika Must. Penseli ya buluu sikuwa nayo. Nikaichanganya na karatasi nyingine, na hakuna aliyeuliza. Nani angepanda ngazi kuuliza? Woga ule ule ulioniweka kitini wiki mbili nyuma ndio ulioibeba mistari minne mpaka mtamboni. Tafuta gazeti la tarehe 23 Agosti mwaka ule, ukurasa wa tano, chini ya ratiba ya treni.

Mwenye gazeti aliiona. Jumatatu akashuka mwenyewe chumbani kwetu, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, akauliza ni nani. Nikasema ni mimi. Nilitoka kazini siku hiyo hiyo. Ndiyo sababu nilihama mji. Najua majirani walisema nimepandishwa cheo huku.

Umeniuliza yote, basi pokea na hili. Mistari ile ingemsaidia baba yako. Rufaa ilikuwa na siku thelathini, na zilibaki kumi na nane. Gazeti lilipotoka, wino haujakauka, nilichukua moja nikaja nalo kwenu. Nikabisha. Nilimsikia Dada ndani. Alijua ni mimi, hakufungua. Nikalikunja ukurasa wa tano uwe juu, nikalisukuma chini ya mlango. Nikakaa wiki mbili nyingine mjini nikingoja, na hakuja mtu. Nikaelewa kwamba mmesoma na hamjanisamehe, na nikaona mna haki. Miaka yote hii sikulitaja kwa sababu nilidhani mnalijua. Barua yako ya kwanza ilinishangaza kwa hilo tu, umesimulia kila kitu na masahihisho hukuyagusa. Nikafikiri Dada hakutaka ujue, na mimi si wa kumsemea.

Msomee barua hii. Akikataa kuja kwangu, jirani yangu mshona nguo amekubali kumpokea. Ni mjane, nyumba yake ni safi, na mimi sitakanyaga hapo. Jicho lisipotee kwa ajili yangu, maana yaliyopotea yanatosha.

Wino


Maktaba
6 Julai

Mjomba, shikamoo.

Nimelipata. Tarehe 23 Agosti, ukurasa wa tano, chini ya ratiba ya treni na juu ya tangazo la sabuni. Mistari minne, jina lote la Baba, herufi kwa herufi. Nilifunga chumba cha chini saa nane mchana nikatoa fotokopi, nikaenda nayo nyumbani. Mkuu wangu aliniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo, kwa sababu kueleza kungechukua siku nzima.

Mama nilimsomea barua yako yote. Kisha nikamsomea ile mistari kwa Kiingereza, nikaitafsiri, akataka tena, nikarudia.

Baba yangu hakulala. Nimekuja kulijua hili nikiwa na miaka thelathini na mitano, kwenye chumba chenye mchwa. Nilimhurumia na kumsamehe miaka yote kwa jambo ambalo hakulifanya, na yeye aliniacha nimsamehe. Wewe nimekukasirikia na nimekushukuru ndani ya saa moja, na sijui kipi kitabaki.

Mama aliiomba ile fotokopi, akaisogeza kwenye jicho la kulia mpaka ikagusa pua, akashindwa kuziona herufi. Halafu akaenda kukaa jikoni. Chakula kikaungua naye akiwa mbele yake, na Mama hajawahi kuunguza chakula tangu nizaliwe. Nilizima moto nikakaa naye. Akisema lolote nitakuandikia.

Chiriku


MUST

Nyumbani
8 Julai

Mdogo wangu,

Anayeandika ni Chiriku, mimi nasema. Nimemwambia aliandike lile neno lenu hapo juu kwa penseli ya buluu, kwa hiyo asikate, asirembe, asiguse hata koma. Nikimaliza atanisomea nihakikishe.

Siku ile ulipobisha nilikuwa jikoni. Nilikujua kwa kikohozi. Gazeti lilipoingia chini ya mlango nililiokota kwa ncha za vidole, kama panya aliyekufa. Nilijua ni lile gazeti. Nikadhani wametuandika tena, na wewe umekuja kujitetea kabla hatujaona. Mkaa ulikuwa unakataa kushika. Nikalichana nikawashia jiko, nikianza na ule upande ulioukunja juu, maana ndio uliokuwa karibu na mkono. Chakula kikaiva mapema. Mume wangu aliporudi akasema leo umewahi. Nikamwambia mkaa ulikuwa mzuri.

Sikumwambia kwamba ulikuja, mpaka nikamzika. Siku kumi na nane zilikuwa zimebaki, umeandika. Nimezirudia kichwani tangu juzi, sipati usingizi. Miaka ishirini na sita nimesema ni mkono wa mdogo wangu. Kumbe na wangu umo.

Wewe hukupanda ngazi. Ulikosa, sitasema hukukosa. Mimi sikufungua mlango. Ni nani aliyekosa zaidi tutabishana nikishapona, nina wiki tatu za kukaa bure hapo kwako.

Nikuambie kitu ambacho hukijui. Yeye ndiye aliyenikataza nisimwambie mtoto kwamba siku ile alikuwa kwako. Alisema, "Ataanza kumchukia mjomba wake, na hana mjomba mwingine." Akaona ni heri mtoto aamini kwamba baba yake alilala. Nilimwona mjinga. Chiriku hapa ameacha kuandika analia, nimemwambia afute machozi yasije yakadondoka kwenye karatasi ya Must.

Kwa mshona nguo siendi, simjui. Nakuja kwako tarehe 13 kwa basi la asubuhi. Ngazi mbili, ya pili fupi, nimesikia. Lile kabati la mama, kama bado unalo, liweke chumba nitakacholala. Alilifunga yeye.

Na siku watakayonifungua bandeji, usinisimamie mbele na uso wako, na maua usilete. Nishikishe ule ukurasa wa tano, fotokopi nitakuja nayo. Kiingereza sikijui, lakini jina la mume wangu nikiliona nalijua. Nataka nianze na hilo.

Dada yako